Sosi Nyeusi ya Siku ya Wakwe

Mimi na Malale hatupendani. Nalisema mapema ili mtu asije akasikiliza akitegemea kwamba mbele huko tutakumbatiana. Hatukumbatiani. Hata jana tumekutana stendi ya Mpanda, mimi nikaangalia bajaji, yeye akaangalia juu utafikiri anatafuta mvua.

Ugomvi wetu ni wa mpunga. Mimi nyumba yangu ipo Makanyagio, lakini shamba lipo upande wa Sitalike, bondeni kule, udongo mzuri mweusi, ukiukanyaga unakushika mguu. Malale naye ni Msukuma, alishuka na ng'ombe wake kutoka huko kwao akapiga kambi karibu na pale. Mwaka huo mpunga wangu ulikuwa umebeba vizuri, nikaupulizia dawa ya wadudu, dawa ya kawaida tu, kila mtu anapuliza. Ng'ombe wa Malale wakaingia usiku wakala. Asubuhi dume lake moja, lile jeupe alilokuwa analipenda kuliko watoto, limelala chali. Malale akasimama kwenye mkutano wa kijiji akasema Anselmo, yule Mpimbwe, yaani mimi, ametega sumu. Na mimi nikasimama palepale nikasema kama ng'ombe wako wanaijua njia ya shamba langu, basi na sumu wataijua. Nilikuwa na hasira, mpunga wangu umekwisha. Lakini watu walisikia, na Malale alisikia vizuri kuliko wote.

Toka hapo hatukusalimiana. Akifiwa siendi, nikiugua haji. Habari zake sizijui, zangu hazijui.

Sasa huyu mjukuu wangu Jeniffer, baba yake ni mwanangu Gabrieli, marehemu, kwa hiyo baba yake ni mimi. Alipata kazi jikoni kwenye kambi moja ya watalii huko Sitalike. Kuna kijana alikuwa analeta maziwa pale kwa pikipiki. Mambo yenyewe mnayajua yanavyokwenda. Siku moja Jeniffer akaja nyumbani, akapiga magoti, akasema, "Babu, kuna mtu."

"Ni nani?"

"Anaitwa Ngolo."

"Ngolo wa nani?"

Bibi yake, Hilaria, alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata macho. "Ngolo wa Malale," akasema. "Unataka akuchoree picha?"

Niliruka. Nilisema maneno mengi, mengine nisiyarudie. Jeniffer akaningoja nimalize, halafu akasema, "Babu, mimi nimempenda Ngolo. Sijasema nimependa ng'ombe wa baba yake."

Mtoto wa namna hiyo hushindani naye. Nikakubali. Kwa Malale nako moto uliwaka hivyohivyo, nasikia alitupa kigoda ukutani. Mwisho mshenga wao, kijana mmoja anaitwa Shadrack, mpole, suruali imenyooshwa pasi, akaja kutuambia: "Mzee amekubali kuja. Ila ni mara moja tu. Amesema akitoka hapa na moyo mbaya, shauri limeisha, asilisikie tena." Na Ngolo si mtoto wa kupindua neno la baba yake. Jeniffer alilijua hilo. Kwa hiyo ilikuwa siku moja, chakula kimoja, na mtoto wangu anaolewa au haolewi.

Sasa nije kwenye sosi.

Mimi nachoma nyama. Nina jiko langu la nusu pipa hapo barabarani Makanyagio, jioni ukipita utaona moshi. Jeniffer ndiye aliyenifundisha sosi nyeusi, alikuwa anaiona kambini wanawapikia wazungu. Unachukua bia nyeusi, ile nzito, unaimimina kwenye sufuria ya kwanza kabisa kabla ya kitu chochote, unaiacha ichemke polepole mpaka povu life na ipungue ibaki nusu. Ukiwa na haraka ukaitia mwishoni, inakuwa chungu, utaila mwenyewe. Halafu vitunguu maji na saumu umevisaga, nyanya ya kopo, siki, maji ya ukwaju, pilipili, chumvi, na asali. Asali iwe ya porini huku kwetu, yenye rangi ya chai kavu. Unakoroga. Mkono usitoke. Ukitaka kujua imeiva, unadondosha kwenye sahani, unapitisha kidole katikati. Ule mfereji ukibaki wazi, sosi ipo tayari. Unaipaka kwenye nyama na brashi, ile ya rangi lakini mpya, nyama ikiwa inakaribia kuiva, maana ukiwahi asali inaungua.

Nadhani mmeona nimesema kidole kinapita, sikusema kidole kinakwenda mdomoni. Mimi siionji. Nilikuwa mnywaji, tena mnywaji wa kuokotwa. Wanzuki, ile pombe ya asali, ilinijua kwa jina. Hilaria alichoka akafunga kanga zake akaenda kwa watu wake. Nikamfuata na katekista, nikapiga magoti mbele yake, nikaapa tone la pombe halitapita tena koo langu, la kunywa wala la kulamba. Akarudi. Hajawahi kuniuliza tena, lakini macho yake yanauliza kila nikichelewa kufika. Ndiyo maana sosi yangu naipika kwa pua. Wateja wanasema tamu, na mimi nawaamini.

Asubuhi ya wakwe nikawasha moto uani. Jeniffer amesuka nywele, amevaa kitenge kipya, lakini hakutulia, mara anakoroga, mara anachungulia getini.

Hilaria akaja akaiona chupa. "Hiyo bia unawapikia wakwe?"

"Bibi, ikichemka pombe yote inapaa," Jeniffer akasema. "Mpishi wa kambini alituambia. Inabaki ladha tu."

"Kama imepaa, mbona babu yako haionji?"

Mimi nikamjibu, "Kiapo ni kiapo, hakina kuchemka wala kupoa. Na Malale ndiyo nimwonee huruma? Malale yule ninayemjua alikuwa anabeba gongo kwenye kibuyu cha maziwa."

Hilaria akasema haya, akaenda zake. Lile "haya" lake silipendi mpaka leo.

Wakaja kwenye Noah, saa ya jua kali. Malale kavaa koti zito na kofia ya pama, fimbo mkononi. Nyuma yake Shadrack, halafu Ngolo, kijana mrefu, anatembea ameinama kama anatafuta sindano.

"Karibuni," nikasema.

Malale akaangalia nyumba, akaangalia bati, akaangalia kuku. "Nimekuja kwa ajili ya mtoto," akasema. "Nyumba yako sikuitamani."

"Nayo haikukutamani. Kaa."

"Kiti hiki kina nguvu?"

"Kimekaliwa na watu wazito kuliko wewe, tena wenye adabu."

"Wazee wangu, wazee wangu," Shadrack anasema, mikono juu kama anazuia gari. "Tumekuja kwa heri."

"Nani kasema shari?" Malale akasema, akakaa. "Mimi nasubiri chakula. Wapimbwe nasikia wanajua kulima mpunga. Sijui kama wanajua na nyama."

"Nyama tunaijua," nikasema, "ila tunaila ya kwetu. Hatupeleki midomo kwenye shamba la mtu."

Ngolo akakohoa. Jeniffer akatokea na sinia, akapiga magoti mbele ya Malale. Na mimi, pamoja na chuki yangu yote, nilikuwa nimemtengea kidari, maana kidari ni cha mkwe, hilo halina ugomvi. Nimekichoma taratibu, mafuta yanametameta, chumvi tu. Pembeni bakuli la sosi nyeusi, nikasema wachovye wenyewe, nyama ya wakwe haipakwi. Jeniffer akashika jagi la maji ya kunawa.

Malale hakutoa mikono.

"Mwenye nyumba aonje kwanza," akasema.

Hilo huku kwetu si tusi. Hata kwenye pombe, mama akileta mtungi anakunywa yeye kwanza mbele yako, tunaita kutoa uchawi, halafu ndiyo anakupa. Hata Wasukuma wanafanya. Ila kwenye nyama ya sinia moja hakuna anayekumbuka, maana wote mnakula pamoja. Malale alikumbuka. Na kila mtu pale uani alijua anakumbuka dume lake jeupe.

Nikakata kipande cha kidari, nikala, nikameza, nikafungua mdomo nikamwonyesha. "Umeridhika?"

"Na hicho cheusi."

Kwa kweli hilo sikuliwaza. Nimepika asubuhi yote, nimewaza nyama, nimewaza mkaa, nimewaza nitamtukana vipi bila Shadrack kuelewa, hilo sikuliwaza.

"Hicho mimi sionji," nikasema.

"Bebe!" Malale akaniita kwa Kisukuma chake, yaani wewe. Halafu akamgeukia Shadrack polepole, anafurahi kabisa. "Umemsikia? Niliwaambia nini kwenye gari? Nyama anakula, kile kitu haonji. Niliwaambia nini?"

"Mzee Anselmo," Shadrack akasema, "onja kidogo tu, yaishe."

"Siwezi. Ina bia. Mimi sinywi pombe, nimeapa."

Malale akasimama mpaka kiti kikaanguka. "Bia! Umeniita kwako unipe bia? Mimi mtu niliyeokoka?"

Nikacheka. Sikutaka, kicheko kilitoka chenyewe. "Wewe umeokoka? Wewe Malale? Toka lini?"

"Toka dume langu life! Nililewa kwa uchungu nikaanguka mtoni na pikipiki, wakanivuta kama gunia. Nikasema yatosha. Na wewe uliyeapa, uliapa lini? Watu wote wanakujua, wewe na wanzuki mmelala mtaro mmoja!"

"Toka mama huyu alipofunga kanga zake!"

Tukaangaliana. Hapo, kwa muda mdogo kabisa, niliona masharubu ya Malale yanacheza kama mtu anayezuia kucheka, na mimi kicheko kinanipanda hivyohivyo. Wazee wawili walioacha pombe wanapigiana kelele juu ya bakuli la bia, na hakuna aliyejua habari ya mwenzake kwa sababu tuliacha kuulizana habari. Kama Malale angecheka, mimi ningecheka. Hakucheka. Akaokota fimbo.

"Maneno mazuri," akasema. "Na mwenye sumu naye anaweza kusema ameapa."

"Nitaonja mimi," Hilaria akasema kutoka mlangoni, akaanza kushuka ngazi. "Lete bakuli."

"Mama, wewe sina neno na wewe," Malale akasema. " Aonje yule aliyesema maneno."

"Mimi ndiye niliyeipika naye," Jeniffer akasema, na mkono umeshafika kwenye bakuli.

"Binti, weka chini. Tena una adabu, nimekuona. Sikuja kukukataa wewe." Akavaa kofia vizuri. "Ila mtoto wangu hawezi kula kwenye nyumba ambayo mwenyewe anaogopa chungu chake. Ngolo, twende."

Ngolo akabaki amesimama. Akamwangalia Jeniffer, akaniangalia mimi, na macho yale hayakuwa na hasira, bora yangekuwa nayo. Halafu akamfuata baba yake, mguu mmoja mzito, mwingine mzito. Shadrack akainua kile kiti kilichoanguka, akakifuta vumbi na leso yake, sijui kwa nini, akawafuata.

Jeniffer hakulia. Angelia ningejua la kufanya, ningemwambia nyamaza, wanaume wapo wengi. Alichofanya ni kuanza kukusanya. Akachukua kitambaa akafunika sinia. Akamwaga maji ya kunawa ambayo hakuna aliyenawa, taratibu, kwenye mzizi wa mpapai, ili asitie tope uani. Anapanga sahani moja juu ya nyingine bila kutoa mlio. Mlango wa gari nikausikia unafunguliwa.

Nikamwangalia Hilaria. Nilitaka aniambie fanya au usifanye. Alikunja mikono, akaniangalia kama siku ile niliyopiga magoti mbele yake, na kazi yote akaniachia mimi.

"Malale!" nikaita.

Nikatoka mpaka getini na bakuli mkononi na kipande cha kidari. Alikuwa ameweka mguu mmoja ndani ya gari. Watoto wa jirani wamekaa ukutani, mama muuza vitumbua amesimama na beseni lake. Nikachovya kile kipande kikazama chote. Nikala. Nikachovya kingine, nikala. Halafu nikachota kwa kidole ile iliyoshika ukingoni, nikalamba, aone sikuficha kitu shavuni.

Na nyie mnaopenda kujua: siki ilikuwa imezidi. Jamani! Watu wa Makanyagio wamekula sosi ile muda wote huo, wananiambia tamu babu, tamu babu, kumbe siki inakata ulimi. Na chini ya siki kulikuwa na ule uchungu wa bia, mdogo, unaojificha nyuma ya asali. Mpishi wa kambini anaweza kusema imepaa. Koo langu liliijua. Lilifunguka lenyewe kumpokea mtu wake wa zamani, na mimi nikalifunga.

"Haya," nikamwambia Malale. "Sasa rudi ukae."

Akatoa mguu kwenye gari. Hakusema asante. Akarudi uani, akakaa kwenye kiti kilekile, akaweka fimbo kati ya magoti, akanikazia macho. Na mimi nikakaa mbele yake. Anaangalia mdomo wangu, anaangalia tumbo langu. Nzi akatua kwenye sinia, hakuna aliyemfukuza.

"Umesubiri vya kutosha?" nikauliza.

"Bado."

"Dume lako lilichukua muda gani?"

"Mpaka alfajiri."

"Basi utalala hapa, mkeka upo."

Shadrack akafunga macho, nadhani alikuwa anasali. Tukakaa hivyohivyo mpaka kivuli cha nyumba kikafika miguuni kwetu, na mimi sikufa, nikapiga mbweu tu. Hapo Malale akatoa mikono yake mbele. Jeniffer alikuwa ameshalikimbilia jagi kabla hata hajaitwa, maji yakamwagika nusu chini.

"Nipeni nyama," Malale akasema. "Ile ya chumvi. Hicho cheusi ondoeni, mimi na nyumba yangu hatuli bia."

Nilitamani kumpiga na bakuli. Nimevunja kiapo changu mbele ya mke wangu na mtaa mzima, kwa ajili ya kitu ambacho hata hakukigusa! Lakini alikula. Alikula kidari chote, akaguguna na mfupa, akampa Ngolo kipande kwa mkono wake mwenyewe, na Ngolo alikipokea kwa mikono miwili. Wakwe wakishakula kidari, wamekula. Hakuna wa kurudi nyuma.

"Imechomwa vizuri," akasema anajifuta.

"Najua."

"Nilikuwa namwambia binti."

Mahari tukaizungumza, na huko nako tulitukanana sana, lakini ni matusi ya watu wanaoelewana kwamba kuna harusi. Wakati wa kuondoka akasimama getini, akatafuta neno la kuniita. Jina langu lilimshinda. "Mkwe," akasema mwishoni, analitema kama mbegu ya chungwa. Nami nikamjibu, "Mkwe," vilevile. Noah ikaondoka.

Jua lilikuwa linazama nilipoingia ndani. Hilaria amekaa kitandani ananisubiri.

"Umeonja," akasema.

"Nimeonja."

"Mbele ya macho yangu."

"Ulitaka nikaonje nyuma ya choo?"

"Kwa padri utakwenda mwenyewe, mimi sikusindikizi. Na kwangu mimi utaanza upya. Kila jioni nitanusa mdomo wako, kama mwanzo."

"Sawa."

"Na leo unalala kwenye kochi."

"Hilaria, sisi hatuna kochi."

"Ndiyo ujue nimekasirika."

Nikachukua mkeka nikautandika sebuleni, kwenye saruji. Jeniffer alikuwa uani anaosha vyombo. Alikuwa anaimba, halafu anakumbuka kwamba bibi yake amekasirika ananyamaza, halafu anasahau anaimba tena. Nikajilaza pale nimeweka kichwa kwenye mkono, mbavu zinauma, nikamwacha aimbe.